Usitikisike, Papa

Juzi, katika hospitali moja ya Makiso, nilikuwa nangoja kupigwa picha ya mapafu. Mlango ulikuwa wazi. Fundi alimsimamisha mzee mmoja mbele ya mashine, akamwomba mke wa mzee atoke, naye mwenyewe akaelekea nyuma ya ukuta. Yule mama akamdaka mkono wa koti.

"Unanifukuza, na weye unakimbia? Bwana yangu anabaki na nani?"

"Mama, huyu papa, bwana yako, anapata hii mionzi kidogo, leo tu. Miye niko napiga watu picha kila siku. Bila ukuta, itanikula pole pole." Akagusa kibeji kifuani. "Hii ndio inapima mionzi yenye nimekula."

Mama akakisogelea, akauliza:

"Bibi yako, mama ya watoto wako, anajua?"

Mama akakinyoosha kile kibeji taratibu, kama anamfungia mwanawe vifungo siku ya shule, akatoka.

Mabango ya mionzi pale ukutani nimeyasoma yote, na sikumbuki hata moja. Ila zamu yangu ilipofika, yule mama alinipigia kelele kutoka kwenye benchi: "Papa, usitikisike! Ukitikisika atarudia, mutakula tena wote wawili!"

Nikasimama kama nguzo. Fundi alilazimika kuniambia mara mbili kwamba sasa naweza kupumua.