Sikungoja Neno "Ila"

Siku moja ya kiangazi kule Malambo, Umasaini, naikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa na mama yako, na sijawahi kukusimulia. Ningekufa nayo, mwanangu, lau si hicho kishikwambi walichokupa kazini na safari yako ya Jumatatu ya kwenda kukusanya takwimu.

Nilikuwa kijana, sijaoa, nimemaliza kidato cha nne hapa Karatu na kubahatika kupata kazi ya kukusanya takwimu. Kijana wa Kiiraqw kutoka Qurus, buti mguuni, shingoni nimening'iniza kamashine kanakowasiliana na setilaiti! Usingeniambia kitu. Wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamebuni kituo cha maji kizuri ajabu: kisima kirefu, pampu ya jua, tangi, bomba la watu upande huu na birika la mifugo upande ule. Kilichobaki ni kujua kianze kujengwa wapi. Mimi nilipita boma kwa boma nikiuliza. Boma lisilo na maji lilipata nukta nyekundu kwenye ramani, lenye maji likapata nukta ya bluu. Wenye nyekundu wajengewe, wenye bluu wasubiri. Hata leo nakiri mpango wenyewe haukuwa mbaya.

Boma la mwisho siku ile lilikuwa la mjane mmoja, Mama Nashipai. Nilimwamkia "Takwenya," akaitika "Iko," kama wanawake wa Kimasai wanavyoitikia. Binti yake, Nashipai mwenyewe, msichana wa umri uliokuwa nao wewe ulipoanza sekondari, akaniletea chai ya maziwa na kucheka matamshi yangu. Nje dereva alikuwa anapiga honi.

"Mama, maji mnapata?" nikauliza.

"Maji iko," akasema. "Ila..."

Nikaweka tiki penye "Ndiyo". Nikashukuru kwa chai, nikanyanyuka.

Wewe ni mtu wa hapa, nikufundishe nini kuhusu salamu? Mtu amefiwa, lakini ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu nzuri, kisha avute pumzi aseme, "ila mzee ametutoka." Jambo lenyewe linakaa nyuma ya ila. Kumrushia mgeni shida kabla hajaketi vizuri ni kukosa adabu, Mmasai anajua, Muiraqw anajua. Hayo nililelewa nayo. Lakini fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, Ndiyo na Hapana, nami nikasema moyoni kwamba hawa jirani zetu wana maneno mengi. Usimsingizie dereva wala fomu, haraka ilikuwa yangu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kiangazi kilichofuata nilirudi Malambo kuonyesha mafundi njia ya kwenda kwenye nukta nyekundu, nikapita kumsalimia yule mama. Nikauliza habari. Akasema nzuri. Safari hii dereva alikuwa ametulia, nami sikuwa na fomu mkononi, nikanyamaza.

"Ila Nashipai hayuko," akasema.

Walikuwa wakichota maji korongoni, kwenye shimo walilochimba mchangani. Maji yalikuwapo kweli. Ila kila kiangazi yanashuka chini zaidi, nao wanayafuata, shimo linakuwa refu kumzidi mtu na kingo zake zinakatika. Hilo ndilo alilotaka kuniambia siku ile. Mchanga ulimfunika Nashipai akiwa na dumu mkononi, na walipomfukua alikuwa ameshakufa.

Hakunilaumu. Aliniangalia tu, akasema, "Wewe ulikuwa na haraka, mwalimu." Waliniita mwalimu kwa sababu ya kalamu.

Nilipofika nyumbani Qurus nilimsimulia bibi yako, Mungu amlaze pema. Alikuwa anapepeta maharage, akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Nilikufundisha kusalimia. Kusubiri jibu nilidhani utajua mwenyewe." Hakuinua uso wake, wala hakulirudia neno lile mpaka anaingia kaburini.

Nilikwenda ofisini nikaomba ile nukta ya bluu ya boma lao ibadilishwe. Nikajibiwa kwa upole kwamba takwimu zimeshafungwa na ramani imeshapelekwa ng'ambo. Nikaandika barua, kisha nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeyamwaga kwa tiki moja. Niliacha kazi nikashika jembe. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini msomi analima mbaazi, nikakujibu kwamba shamba lina amani. Nilikudanganya.

Juzi ukanifungulia ramani yenu mpya, ya dunia nzima. Ulikuwa na furaha, ukanieleza jinsi mtambo unavyojifunza kutokana na takwimu za miaka yote na kupanga nani apate maji kwanza, nani chakula, nani zahanati. Nikakuomba uivute mpaka Malambo. Nukta ya bluu bado ipo, pale pale penye lile boma. Nikakuuliza kama ni kweli, ukaniambia, "Baba, data haidanganyi." Nikatoka nje, ukadhani macho yananisumbua. Nukta ile niliiweka mimi.

Sasa nakupa nasaha, na nakwambia wazi kwamba sina matumaini makubwa nayo. Nimekata tamaa siku nyingi. Naona vyombo vinazidi kuwa na akili na watu wanazidi kuwa na haraka, na kwa umri wangu sioni kitakachogeuza hilo. Lakini wewe nenda ukaketi. Ukipewa chai, inywe mpaka iishe. Ukiuliza swali, ondoa kidole kwenye kioo hadi mwenyeji amalize, na akifika kwenye ila, hapo ndipo kazi yako inapoanza. Kishikwambi kikikosa mahali pa kuliandika, liandike daftarini. Wakubwa wako wakisema hawalihitaji, wasumbue, wakuchoke. Nazo nukta ulizozikuta usiziamini eti kwa kuwa tu ni za zamani. Ziliwekwa na vijana kama wewe, wengine walikuwa wanapigiwa honi.

Haya, nenda. Mungu akutangulie njiani na akurudishe mzima kwa mama yako. Akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo, na akuepushe, mwanangu, na siku ya kuketi mbele ya mama wa watu na radhi mdomoni, ukijua haiombeki.