Wa Kwanza Alikuja Akitembea

Juzi nilikuwa kliniki hapa Garissa, mimi wa miaka arobaini na mmoja, tumbo la miezi mitano, na muuguzi mmoja msichana mdogo akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, huyu ni wa ngapi?" Swali dogo tu, ndugu yangu. Lakini lilinirudisha miaka ya tisini, kwenye nyumba ya mabati ya edo, maana swali hilohilo niliwahi kulisikia nikiwa mtoto.

Edo ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita shangazi, dada yake baba. Huyu wangu aliishi na mumewe miaka mingi bila mtoto, na kwa kuwa mama alikuwa na saba, nilipofika miaka minne yeye akapewa mimi. Hakuna aliyeona ajabu. Nguo zangu zilifungwa kwenye kitambaa, nikashikwa mkono, tukavuka barabara mbili, nikawa wa kwake. Ila jirani yetu alipenda kusema mtoto wa kupewa ni kama kisu cha kuazima, siku moja mwenyewe atakitaka. Edo alimnunia siku tatu.

Nilikuwa mdadisi, hilo sikatai. Kila nyumba ya bulla, yaani mtaa wetu, inapika nini, nilijua kwa harufu tu. Basi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nikaanza kuona mambo. Edo, ambaye hakuwa na subira mbele ya nyirinyiri, ile nyama ya ngamia ya vipande vidogo inayohifadhiwa kwenye samli, sasa kopo likifunguliwa anakimbilia nje. Chetezo cha ubani kikapigwa marufuku. Mimi nikawa natumwa sokoni kuleta udongo wa kutafuna. Wanawake wakimuuliza mferejini, anasema ni gesi ya tumbo.

Nikamwendea nyanya, aliyekuwa akisuka mkeka. "Ayeyo, gesi huchukua miezi mingapi?"

"Tumbo la mtu si sufuria," akasema. "Usilifunue."

Mimba ya mwanamke wa makamo kama edo haikutangazwa. Watu waliogopa jicho baya. Lakini mimi nilishaelewa, na furaha yangu haikumaliza siku, kwa sababu nilikumbuka kile kisu cha kuazima. Edo akipata wake, mimi wa nini tena? Nikaanza kufagia ua mara mbili, kuchota maji kabla sijatumwa, kupika anjera, zile chapati zetu za maji, bila kuunguza hata moja. Nilidhani mtoto mwenye faida harudishwi. Jirani alipogundua naye, alipiga makofi akisema, "Mtoto wa uzeeni! Atamlea nani?" Sikujali atamlea nani. Nilitaka kujua nitalala wapi.

Siku ya kliniki edo alinichukua nimtafsirie, kwani Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na muuguzi alikuwa mama wa kutoka bara. Chumba kilinuka dawa na jasho. Muuguzi akafungua kadi, akaniangalia mimi. "Muulize, huyu ni mtoto wake wa ngapi?"

Sikuhitaji kuuliza. Jibu nililijua: wa kwanza. Nikainama nikajifanya nafunga kiatu.

Edo alikuwa ameelewa mwenyewe. "Wa bili," akasema.

"Na wa kwanza alimzaa wapi?"

Edo akaniwekea mkono kichwani. "Wa kwanza hii hapa. Hii, tumbo yangu haijui. Hii ilikuja natembea."

Muuguzi akacheka mpaka kalamu ikamponyoka, kisha akaandika yale ambayo kazi yake ilimtaka aandike. Mimi nilirudi nyumbani nikirukaruka, na jioni hiyo niliunguza anjera zote.

Akazaliwa mvulana. Edo alikaa ndani siku zake arobaini, hamu ya nyirinyiri ikamrudia, nami nikawa namlisha yeye huku nikimbembeleza mtoto. Miaka minane tu baadaye tulimzika edo. Siku ya msiba jirani aliniona na yule mtoto, vidole vyake vimeng'ang'ania shuka langu, na hakuuliza atamlea nani. Ukitaka kujua kwa nini niliolewa nimechelewa, basi ni hapo, na sijuti.

Nyumba ya mabati haipo siku hizi, pamejengwa maduka. Mfereji ule ulikauka, na nyanya na mkeka wake wamekwenda. Chetezo ninacho mimi, kimemeguka ukingo. Kinachoniuma ni kwamba nilidadisi kila kitu cha edo, nikasahau kumuuliza kama aliogopa. Sasa ndiyo ningetaka kujua, na usiku huu tumbo likicheza hakuna wa kuniambia.

"Mama, ni wa ngapi?" yule muuguzi wa juzi akarudia.

"Wa pili."

"Na wa kwanza ulimzaa wapi?"

Nikamwonyesha mlangoni, alikokuwa amesimama akinishikia mkoba. "Yule pale mwenye ndevu," nikamwambia. "Nilimpata akiwa darasa la pili."