Siku ya Muhuri Uliopungua

Katika miaka ya hamsini, kabla sijaolewa, nilifanya kazi katika maabara ya madini mjini Élisabethville. Tulikuwa wanawake wawili: mimi, niliyefundishwa ushonaji na masista, na jirani yangu wa mtaa wa Kamalondo, ambaye kwa kuwa alizaa mapacha kila mtu alimwita Mama Mapasa. Tulishona vifuko vya sampuli za lile jiwe zito la manjano ambalo hatukuruhusiwa kulitaja hata nyumbani, kisha tukakifunga kila kifuko kwa waya wenye muhuri mdogo wa madini ya risasi uliotiwa namba. Mwisho wa zamu mihuri ilihesabiwa. Ikipungua, mlango haukufunguliwa.

Siku hiyo nilikuwa na karatasi ya ruhusa ya safari, halali kwa siku moja tu. Mama yangu alikuwa mahututi Sakania, upande wa kusini, na treni iliondoka saa kumi na moja. Saa tisa na nusu muhuri mmoja ulikosekana.

Msimamizi, Mzungu mpole wa sauti, alikagua kifuko kimoja kimoja. Mlinzi alipekua mikoba na viatu vyetu. Vitambaa vya kichwani hakuvigusa, kwani aliona haya.

"Ikala chini, dada," Mama Mapasa aliniambia. "Ukizungukazunguka vile, batasema ni weye."

"Treni, mama."

"Treni haiko na masikio. Ikala."

Niliketi, nikajishika kichwa. Kidole kikagusa waya. Mshonaji huchomeka sindano katika kitambaa cha kichwani ili mikono ibaki huru. Mikono yangu, pasipo mimi kujua, ilikuwa imeuchomeka muhuri palepale.

Mama Mapasa aliona. "Utupe chini," alinong'ona.

Lakini sakafu ilikuwa imefagiwa mara mbili mbele ya macho ya wote. Muhuri ungeonekana hapo, tungehukumiwa sote wawili, naye alikuwa na watoto sita.

Nilifungua kitambaa, nikauweka muhuri mezani, nikaeleza habari ya sindano. Msimamizi alisikiliza hadi mwisho, akaiomba karatasi yangu ya safari, akaikunja na kuitia mfukoni mwake. Mama Mapasa akaruhusiwa kwenda. Mimi nilipewa kalamu niandike maelezo, nami nilikuwa ningali nikiandika treni ilipopiga honi nyuma ya ukuta, ikielekea kusini. Msimamizi alisoma, akaniagiza niongeze saa kamili niliyouchomeka muhuri. Sikuijua, na bila kuiandika nisingefunguliwa mlango.