Macho ya Karibu

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilipata riziki kwa macho mabovu. Bila miwani nisingemtambua jirani yangu muuza mboga ng'ambo ya barabara. Lakini nikiivua na kusogeza kitambaa karibu na pua, niliona uzi mmoja mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuziba matundu ya suti kwa mkono, kwa nyuzi nilizochomoa ndani ya pindo la suti hiyohiyo, mpaka mwenyewe ashindwe kuonyesha palipotoboka. Makarani walinifuata kutoka ofisi za Industrial Area mpaka kibandani kwangu mtaani Donholm. Muuza mboga alizoea kunitania, "Leo unanusa suti ya nani, mama?"

Upasuaji ulikuwa wazo la binti yangu, aliyefanya kazi mapokezi katika kliniki ya macho mjini. "Mama, ni mwanga tu. Hakuna kisu, hakuna kitu kitakachogusa jicho lako." Nilikuwa nimeichoka miwani yangu mizito. Nikakubali upesi, kwa tamaa.

Daktari simlaumu. Aliniambia waziwazi kwamba kwa umri wangu, nikirekebishwa macho ya mbali, ya karibu yatapungua. Kisha akauliza kama kazi yangu inahitaji kutazama vitu vidogo. Nikamwona binti yangu, aliyekaa kando yangu, akitazama viatu vyake. Nilijua kwa nini: wenzake pale alikuwa amewaambia mama yake ana duka la nguo.

"Hapana, daktari," nikasema. "Mimi ni mfanyabiashara."

Mashine ilitatarika kidogo, nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua, na kweli hakuna kilichonigusa jicho. Siku tatu zilizofuata nililala pazia limefungwa, machozi yakinitiririka kama nakata vitunguu bila kupumzika, binti yangu akinitia matone ya dawa. Wiki zikapita, ukungu ukapungua. Asubuhi moja nilisimama mlangoni nikaweza kuhesabu nyanya za muuza mboga. Nikacheka peke yangu.

Kisha nikaingia kibandani, nikashika sindano. Nilisogeza suti karibu, ikawa ukungu. Nikaisogeza mbali, nyuzi zikapotea. Nilinunua miwani ya kusomea. Ilinipa herufi za gazeti, haikunipa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Daktari alinipima akasema nimepona vizuri sana. Karani mmoja, mteja wangu wa miaka, alivaa koti lake nililomzibia, akapapasa kiwiko, akasema kwa upole, "Mathe, lakini si hii inaonekana?" Upole ule uliniuma kuliko tusi. Hakurudi, na wenzake waliacha kuja. Siku hizi napunguza suruali kwa cherehani, na nina hasira za ovyo. Hata muuza mboga ameacha kunitania.

Jumapili iliyopita nilitoa sandukuni koti la marehemu mume wangu. Msumari wa lango uliwahi kulitoboa begani, tundu la kuingia kidole, nami nikaliziba mwaka ule alipoanza kuugua. Nilitaka tu kuiona kazi yangu. Nilitazama kwa miwani na bila miwani, nikapapasa, sikupata kitu. Nikamwita binti yangu.

"Nitafutie mahali niliposhona. Hapo begani."

Macho yake ni mazima. Alilipeleka koti dirishani, akalikunja, akalinyoosha, akaligeuza ndani nje.

"Mama, hapa hapajashonwa."

"Pameshonwa. Tafuta."

Alitafuta tena, kitambaa kimemkaribia usoni kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Kisha akalishusha, akanitazama machoni. Nikajua amekumbuka chumba cha daktari.

"Sikujua, mama," akasema, akaanza kulia.

Nilitaka kumwambia si kitu. Sikuweza, kwa kuwa si kweli. Nililichukua koti mikononi mwake, nikalirudisha sandukuni.