Mgeni wa Siafu Jikoni kwa Shangazi

Siafu walipoingia jikoni kwa shangazi yangu huko Kirushya, hakuna aliyekimbilia ufagio. Kule kwetu siafu hawapigwi. Watu hutoa vyombo na mbuzi, hukaa uani hadi wageni wamalize mende na panya, kisha hurudi ndani. Tatizo lilikuwa kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya mafiga. Mayai yalikaribia kuanguliwa, na kifaranga anayetoboa ganda mbele ya siafu hafiki mbali.

Shangazi alimbeba kuku, mimi nikabeba mayai kwenye ungo. Tukayalaza chini ya migomba, juu ya koti langu la mikutano, ambalo hatimaye lilipata kazi kabla yangu. Kuku akagoma. Alisimama pembeni akiyatazama kana kwamba ni ya jirani.

"Yakipoa, tumeyapoteza," alisema shangazi, akayafunika kwa mikono ya koti.

Kwa kuwa sikuwa na msaada mwingine wa kutoa, nilichuchumaa kando ya msafara. Niliwahi kusoma kwamba wapo mbawakawa wadogo wanaoishi na siafu, wananuka kama wao, na hawaumwi. Nikamwona mmoja, mwekundu, akikimbia katikati yao bila wasiwasi. Nikamchota kwa kijiti, nikamtia kwenye kikombe. Muda huohuo siafu wengine walishafika gotini, ndani ya suruali, ikabidi nizunguke nyuma ya nyumba kuivua.

Niliporudi, shangazi alikuwa akichungulia kikombe.

"Huyu nani?"

"Mgeni wa siafu, shangazi. Anaishi nao, anakula chao."

"Anawinda?"

"Sijamwona akiwinda."

"Anabeba mizigo?"

"Habebi."

"Kumbe mnafahamiana."

Alasiri siafu waliondoka, jiko likabaki safi kuliko nilivyowahi kulifagia mimi. Tukarudisha mayai, yangali na uvuguvugu. Kuku alifika mlangoni, akasita. Nikainamisha kikombe nimwonyeshe shangazi yule mbawakawa vizuri. Kuku akaja akamdonoa, akafuta mdomo kwenye udongo, akaenda moja kwa moja nyuma ya mafiga na kukaa.

"Alikuwa na njaa tu," alisema shangazi.

Alipenyeza mkono chini ya kuku, akatoa yai moja, akaliweka sikioni, halafu akaniwekea mimi. Ndani kulikuwa na kitu kinachokwaruza.

"Haya," alisema, akilirudisha. "Na wewe njoo ule."