Keria ya Kinyozi wa Itigi

"Ongeza bomba jingine," alisema Zefania.

Fundi Damiani aliinua miwani yake myeusi ya kuchomelea. "Kaka, hili tela ni la kunyolea watu au la kubebea ng'ombe?"

"We ongeza tu. Njia ya mnadani na mashimo yake unaijua."

Damiani aliijua vizuri. Tangu serikali iliporuhusu biashara huria na mabasi ya watu binafsi yakaanza kuingia Itigi, yeye ndiye aliyeyafungia keria, na mzigo uliopandishwa juu ya keria ya Damiani ulifika salama, uwe godoro au tenga la kuku. Akawasha gesi yake, akaongeza bomba la tatu kuzunguka kingo za paa, mpaka keria ikawa kama zizi dogo. Katikati ya zizi hilo wakailaza sola, wakaikaza kwa boliti. Zefania alishuka, akarudi nyuma kidogo ili aitazame vizuri, akajikuta anacheka peke yake.

Maisha yake yote ya ukinyozi aliyapitisha kwenye ukuta wa stesheni, na mkasi wake mfukoni, akisubiri treni imletee vichwa. Sasa angevifuata vichwa mwenyewe, mnada hadi mnada. Alikuwa na mashine ya umeme, betri kuukuu ya gari, na sola iliyotoka Dar es Salaam kwa treni, imeviringishwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Tela alilitengeneza kutokana na ekseli ya pikapu iliyokufa zamani, akaliezeka bati, akapata punda wawili wa kulivuta.

Kilichobaki kilikuwa nafasi, na nafasi mnadani aliigawa Mzee Filipo.

"Shikamoo, mzee," Zefania alimwamkia asubuhi ya mnada, jua likiwa bado la upande.

"Marahaba. Ndiyo hii nyumba ya maajabu?" Mzee Filipo alilizunguka tela, kisha akavua kofia. "Haya. Kichwa cha kwanza ni changu. Ukikimaliza kwa umeme huo, nafasi ya langoni ni yako. Ukishindwa, anapewa yule wa mitumba, na wewe urudi stesheni kwako."

Mashine ikanguruma. Watu wakaacha mbuzi na ndoo zao wakaja kutazama. Nywele zilianguka mabegani mwa mzee kama manyoya, na Zefania akahisi mikono yake imekuwa myepesi kama ya kijana. Upande wa kulia ukang'aa. Alipogeukia wa kushoto, mlio wa mashine ukashuka, ukakoroma, ukakatika.

"Upande mmoja umelimwa!" mtu alipiga kelele.

"Na huo mwingine ni pori la Itigi!"

Kicheko kikaenea mpaka kwa wauza ng'ombe. Zefania akapeleka mkono mfukoni. "Mzee, nikumalizie kwa mkasi?"

"Ukishika mkasi, umeshindwa," alisema Mzee Filipo bila kugeuka.

Loyce, mkewe Zefania, alikuwa amekanyaga gurudumu la tela na kuchungulia juu. "Baba Elina, panda uone. Mabomba yenu yameilalia sola vivuli, kimoja huku, kingine kule. Ningeanika mlenda wangu hapo kivulini mngenicheka."

Zefania alipanda, akaona. Ni yeye aliyesema ongeza, na akaongezewa.

"Damiani! Njoo uyakate!" alimwita fundi aliyekuwa kwenye umati.

"Niyakate kwa meno? Gesi iko nyumbani." Damiani aliruka juu ya tela akaliangalia zizi lake. Halafu akatabasamu. "Lakini nani kasema ng'ombe lazima alale ndani? Tumpandishe juu ya ukuta!"

Wakafungua boliti, wakaiinua sola na kuilaza juu kabisa ya mabomba, wakaifunga kwa mipira ya tairi. Loyce alitaka kumfunika mzee kwa kitenge chake ili asiendelee kuchekwa. Mzee akakataa. "Wameona mwanzo. Waache waone na mwisho."

Wakangoja, jua likimwagika juu ya kioo chote. Zefania alibonyeza swichi: kimya. Akangoja tena, akabonyeza. Mashine ikakohoa, kisha ikanguruma kwa sauti nene kuliko ya kwanza! Umati ukapiga vigelegele, na pori la Itigi likafyekwa lote, hadi nyuma ya masikio.

Mzee Filipo alijipapasa kichwa chote polepole kwa viganja viwili. Kule langoni mtu wa mitumba alikuwa amekwisha kushusha robota la kwanza.

"We bwana, sogeza hilo robota," mzee alimwita. "Kinyozi anaingia."

Zefania akawashika punda hatamu. Juu ya tela, Damiani alikuwa bado anaitikisa sola kwa mikono yote miwili.

"Haidondoki!" alipaza sauti. "Nendeni!"