Jina Lililorudi Kila Alfajiri

Kazi yangu ni ngumu kumweleza mama yangu, nami nimeacha kujaribu. Kampuni yetu hapa Kitengela inauza dawa na chumvi ya mifugo. Yote tunayoyajua kuhusu mteja, amenunua nini, lini, anafuga ng'ombe au mbuzi, yanawekwa mahali pamoja kwenye kompyuta, nasi tunapaita ghala. Mimi ndiye mtunza ghala. Zamani kazi iliishia kwenye kuweka. Siku hizi wakubwa wanataka ghala lirudishe: kila siku saa kumi na moja alfajiri habari zitoke humo, ziingie kwenye simu za wauzaji walioko nje, na kwenye mtambo unaowapigia wateja kwa sauti ya kompyuta kuwakumbusha dawa ya minyoo.

Kwa hiyo naamka saa kumi na nusu, mwaka wa tatu sasa. Kompyuta hainihitaji, lakini siku nitakayolala ndiyo siku itakayokwama, na wauzaji wataanza kunipigia kabla sijapiga mswaki. Nimechoka uchovu ambao usingizi wa Jumapili hauutibu. Sisemi haya kujitetea. Labda nasema kujitetea kidogo.

Tulikuwa na kanuni: ghala likisema hivi na simu ya muuzaji ikisema vile, ghala lishinde. Niliiweka mwenyewe, maana wauzaji walikuwa wanaandika wateja wapendavyo. Mmoja alimwandika mtu "Mzee wa geti ya buluu", mwingine akaandika "Yule mkali". Nikasema imetosha. Anayetaka kubadilisha habari za mteja ajaze fomu, aandike jina kamili, mimi nipitishe.

Muuzaji wetu wa upande wa Kajiado alikuwa dada mmoja Mmaasai, mzaliwa wa hukohuko, mpole, hodari kuliko sisi wote. Wenzake walirudi na visingizio, yeye alirudi na oda. Siku moja nikaona amefuta jina la mteja mmoja kwenye simu yake, akaacha nambari tupu. Alfajiri iliyofuata ghala likalirudisha. Akalifuta tena. Likarudi tena. Kisha akajaza fomu kuomba mteja huyo abadilishwe, ila pa kuandika jina hakuandika kitu. Nikamrudishia: "Jaza jina." Akaleta ya pili, nambari ya simu tu. Nikairudisha. Ya tatu vilevile; na akija ofisini aliniwekea kidole kwenye kioo cha simu, akasema tu, "huyu". Ya nne aliandika, "Tafadhali, ni huyo huyo." Niliona dharau. Nikaifunga ruhusa yake ya kugusa habari za wateja, nikaenda kunywa chai, na nakiri kwamba chai ile niliinywa kwa raha.

Wiki chache baadaye oda za Kajiado zikakauka. Meneja akamwita, akampa mpaka mwisho wa mwezi azirudishe, la sivyo aondoke. Alipotoka kwa meneja alikuja moja kwa moja mezani kwangu. Hakuketi.

"Unataka niandike jina ya mtu amekufa," alisema. "Ni anko yangu. Kwetu mtu akienda, jina yake watu wa nyumbani hawasemi. Wewe kila Alhamisi unaita yeye."

"Mimi sijampigia mtu simu," nilisema.

"Simu yenu ndiyo inapiga! Mke wake huweka loudspeaker kwa sababu masikio yake si poa. Inaita anko yangu kwa jina, mbele ya watoto, mbele ya wazee wakiwa wamekuja. Inamwambia anunue dawa. Wanasema ni mimi nimeuza jina. Wameniambia nisikanyage huko, na boma zingine wamesikia."

Ndipo nikaelewa kwa nini siku zote alikuwa akiniwekea kidole kwenye kioo na kusema "huyu". Hakuweza kumtaja. Nami nilikuwa namlazimisha amtaje kwa maandishi, kwa fomu, mara baada ya mara.

Niseme na hili. Kwetu Kiambu mambo ni kinyume. Mtu akifa jina lake linatafuta mtoto. Mimi nina jina la babu ambaye sikumwona, na nyanya aliniita kwa jina hilo kwa sauti ya juu, makusudi, mpaka naye akafa. Haikunijia kamwe kwamba jina linaweza kuwa kitu cha kufunikwa. Familia nyingine za Kimaasai zimeiacha desturi ya kutomtaja marehemu, nyingine hazijaiacha, na mimi sikuwa nimeuliza. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu nilikuwa nimelizika mwenyewe kwa kazi nyingi.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi wa kuniaibisha. Nilimtoa marehemu kwenye orodha ya simu, nikabadilisha kanuni: muuzaji akifuta jina, ghala lisilirudishe. Kisha nikamwambia yule dada nitakwenda naye kwa mke wa anko yake, niseme ni mimi. Alinitazama kama mtu anayepima kama mzigo utafika. "Twende Jumamosi," alisema.

Tuliteremka Kajiado mjini tukachukua bodaboda mbili, vumbi jekundu mpaka ndani ya meno. Njiani nilipanga maneno. Nilitaka kusema kwa unyenyekevu lakini nisionekane mbaya sana, na hiyo ni kazi ngumu kuliko mtu anavyofikiri.

Yule mama alikuwa amekaa kivulini ukutani mwa nyumba ya mabati. Alimwona mpwa wa mumewe, hakuinuka.

"Takwenya," alimsalimu hatimaye kwa Kimaasai, kwa sauti ya mbali.

"Iko, yeyo," dada aliitikia, akimwita mama, akabaki amesimama pale alipofikia.

Mimi nikaanza. Nilisema pole kwa msiba. Nilisema dada huyu hakuuza jina la mtu, alijitahidi kuliondoa. Nilisema kosa lilikuwa la mashine: kila alfajiri mashine inarudisha habari za zamani, haijui nani yuko na nani hayuko, mashine haina akili ya mtu. Nililirudia hilo la mashine, kwa sauti kubwa, kwa ajili ya masikio yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, polepole:

"Huyu msichana alikuambia?"

"Aliniambia, mama."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Dada alikuwa anatazama chini, asingenisaliti. Lakini nilikuwa nimechoka mno kubeba na uongo juu yake.

"Mara nne."

Mama akamgeukia mpwa wake, akapapasa benchi kando yake mara moja, na dada akaenda akaketi. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Basi si mashine," mama akaniambia, na akaagiza chai.